Doa Jeusi Kwenye Picha ya Taya: Si Kila Tundu ni Ugonjwa

    

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hatujapata kulisikia, lakini linaweza kumfanya mtoto wako ang'olewe jino zima lisilo na ubaya wowote. Jambo lenyewe ni matundu ya taya, yale yanayopitisha mishipa ya fahamu, na jinsi yanavyoonekana kwenye picha ya eksrei ya meno.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni mama wa Likoni. Binti yako ana miaka 13 na kwa siku kadhaa amelalamika kwamba upande mmoja wa taya la chini unamuuma. Umeamka alfajiri, umevuka feri, umepanga foleni, umelipa, na picha imepigwa. Sasa unaonyeshwa ile picha. Karibu na ncha ya mzizi wa jino moja kuna doa jeusi la mviringo, dogo kama punje ya choroko. Mtu mliyeketi naye kwenye benchi anachungulia na kukwambia, "Ah, hilo ni jipu hilo. Jino liondoke."

Mama, utafanya nini? Jino la utu uzima likiondoka haliji jingine. Na pengine lile doa si jipu. Pengine ni mlango tu ambao Mwenyezi Mungu aliuweka pale tangu mtoto akiwa tumboni.

Taya lina milango

Mpenzi msikilizaji, taya la chini si mfupa mtupu. Ndani yake mna njia, kama bomba, na katika njia hiyo umepita mshipa wa fahamu pamoja na mishipa ya damu. Fikiria waya wa stima nyumbani. Waya huingia kwa tundu moja la ukuta, hupita ndani, huwasha taa za vyumba vyote, kisha hutoka kwa tundu jingine kwenda kuwasha taa ya barazani.

Taya ni hivyo hivyo. Mshipa wa fahamu huingia kwa nyuma, upande wa ndani wa taya, chini ya sikio. Hilo tuliite tundu la kuingilia. Kisha hupita chini ya magego ukiyapa meno hisia. Mwishowe tawi lake hutokea mbele, upande wa nje, karibu na kidevu. Hilo tuliite tundu la kidevu. Tawi hilo ndilo linalokufanya uhisi midomo ya chini ikiungua chai ikiwa moto.

Hebu tujaribu pamoja. Weka kidole katikati ya meno yako ya chini ya mbele. Sasa hesabu ukienda upande mmoja. La kwanza na la pili ni meno ya mbele. La tatu ni chonge. La nne na la tano ni magego madogo. La sita ni gego kubwa. Sasa teremsha kidole chini ya jino la tano, hadi katikati ya urefu wa taya. Kwa watu wengi, tundu la kidevu liko hapo hapo au jirani na hapo. Na upande wa pili wa taya liko jingine.

Kwa nini tundu huonekana jeusi?

Eksrei ni miale inayopita mwilini. Aliyeigundua ni Wilhelm Röntgen wa Ujerumani, mwishoni mwa mwaka 1895. Haikupita hata miezi mitatu, Mjerumani mwingine, Otto Walkhoff, akapiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimbidi atulie dakika 25 nzima! Siku hizi picha ya jino huchukua muda usiofika sekunde moja, na kiasi cha miale ni kidogo sana.

Palipo na kitu kigumu, kama jino au mfupa mzito, miale huzuiwa na picha huwa nyeupe. Pasipo na mfupa, miale hupita na picha huwa nyeusi. Jipu kwenye ncha ya mzizi hula mfupa, kwa hiyo huonekana jeusi. Na tundu la kidevu nalo ni mahali pasipo na mfupa, kwa hiyo nalo huonekana jeusi. Likiwa karibu na ncha ya mzizi wa gego dogo, vitu hivyo viwili hufanana kama mapacha. Hapo ndipo mtu anapoweza kukosea.

Watu hatufanani

Sasa sikiliza jambo hili. Tundu la kidevu haliko mahali pamoja kwa watu wote. Kama vile nyumba za mtaani kwako, moja ina mlango katikati na nyingine ina mlango pembeni, na zote ni nyumba nzuri.

Mwaka 1992 watafiti wawili, Mwaniki na Hassanali, walichapisha katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki matokeo ya kupima mataya ya Wakenya. Waliona kwamba katika zaidi ya nusu ya mataya hayo tundu la kidevu lilikuwa chini ya gego dogo la pili, yaani lile jino la tano tulilohesabu. Katika mengine lilikuwa nyuma zaidi, kuelekea gego kubwa. Katika machache lilikuwa mbele, kati ya jino la nne na la tano. Vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa kutazama mataya ya watu wa Ulaya, na humo mara nyingi tundu hilo huelezwa kuwa kati ya jino la nne na la tano. Ndiyo maana ni vizuri kwamba mataya ya watu wetu nayo yamepimwa.

Tena kuna watu wachache wenye matundu mawili upande mmoja. Wengine njia ya mshipa imegawanyika mara mbili ndani ya taya. Wengine tundu la kulia na la kushoto hayalingani. Yote haya si ugonjwa, si laana, wala si kitu alichokula mama akiwa mjamzito. Ni maumbile tu.

Daktari wa meno hutofautisha vipi?

Daktari hatazami doa peke yake. Humtazama mtoto kwanza, kisha doa. Mambo anayoyachunguza ni haya:

Kwanza, hali ya jino lenyewe. Je, limetoboka? Limevunjika? Liliwahi kuzibwa? Mtoto alianguka akapigwa mdomoni? Jino lisilo na tundu, ufa wala historia ya kugongwa, ni nadra kuwa na jipu kwenye mzizi.

Pili, hugusisha jino kitu cha baridi. Jino lililo hai husikia baridi. Lenye jipu la mzizini mara nyingi halisikii, kwa sababu kiini chake kimekufa. Hulilinganisha na meno ya jirani.

Tatu, huligonga polepole. Jino lenye jipu mara nyingi huuma likigongwa.

Nne, huutazama ule mstari mwembamba mweupe unaouzunguka mzizi kwenye picha. Ukiwa mzima bila kukatika, hiyo ni dalili kwamba mzizi hauna shida.

Tano, akiwa na shaka, hupiga picha ya pili kwa kuielekeza mashine upande mwingine kidogo. Doa likihama na kuachana na ncha ya mzizi, basi ni tundu la kawaida. Doa likibaki limeng'ang'ania ncha ya mzizi, hapo kuna haja ya kutibu.

Sita, hutazama upande wa pili wa taya. Likiwapo doa kama hilo upande wa pili, hilo nalo humwongoza.

Basi mama, usione haya kuuliza. Sema kwa heshima: "Daktari, hili doa ni jipu au ni tundu la mshipa? Umelijaribu jino kwa baridi?" Daktari mzuri hatachukia. Atafurahi kwamba umekuja na fikira. Na kama jino la binti yako halikutoboka, linasikia baridi, wala haliumi likigongwa, muulize kama lipo jambo jingine linaloleta maumivu. Pengine ni gego la nyuma yake lililotoboka, au ni ufizi uliovimba kwa uchafu.

Kwa watoto wadogo kuna doa jingine

Mtoto wa miaka 6 au 7 picha yake huwatisha wazazi wengi. Chini ya magego ya utotoni utaona duara jeusi, na ndani yake kitu cheupe kama taji. Huo ni mfuko wa jino la utu uzima linalojijenga likisubiri zamu yake. Meno ya utotoni ni 20, na yale magego yake hupisha magego madogo mtoto akiwa na miaka kama 10 hadi 12. Kwa hiyo mfuko huo nao si ugonjwa.

Lakini nisieleweke vibaya. Jino la utotoni lililooza linaweza kufanya jipu, na jipu hilo likiachwa huweza kuliharibu jino la utu uzima lililo chini yake. Usiseme, "Aa, ni jino la kutoka tu." Mpeleke mtoto atazamwe. Na nyumbani punguza mabuyu, kashata, barafu za rangi na soda. Mswakishe kwa dawa ya meno asubuhi na kabla ya kulala.

Sindano ya ganzi na lile tundu la nyuma

Turudi kwa tundu la kuingilia, lile la nyuma. Daktari akitaka kung'oa au kuziba gego la chini, mara nyingi huchoma sindano ya ganzi karibu na tundu hilo. Kwa mtoto mdogo tundu hilo liko chini zaidi kuliko la mtu mzima, na hupanda kadiri taya linavyokua. Daktari anayejua watoto huichoma chini kidogo ili dawa ifike panapotakiwa.

Na kwa vile watu hatufanani, kuna wakati ganzi haishiki mara ya kwanza. Mtoto anapiga kelele, "Nasikia!" Tafadhali, mama, usimkaripie wala kumwambia anadeka. Pengine anasema kweli. Mwombe daktari angoje kidogo na ajaribu tena kwa njia nyingine. Mtoto akishikwa kwa nguvu na kung'olewa huku akiumia, atamwogopa daktari wa meno maisha yake yote, na siku nyingine ataficha maumivu mpaka uso uvimbe.

Kabla ya sindano, mweleze daktari uzito wa mtoto, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito. Mweleze pia kama ana ugonjwa wa moyo, pumu, selimundu, au kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru.

Baada ya sindano, mdomo wa chini hubaki na ganzi kwa saa mbili hadi nne. Hapa ndipo kina mama wengi hushtuka jioni. Mtoto hucheza na mdomo wake, huutafuna bila kusikia, na kesho yake umevimba na una kidonda chenye utando mweupe au wa manjano. Mara nyingi kidonda hicho ni cha kujing'ata. Usikikwangue wala kukipaka jivu. Kipake mafuta laini ya kujipaka ili mdomo usipasuke, na kama mtoto anajua kutema, asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Hupona kwa muda wa wiki moja au mbili. Kikizidi kuvimba, au mtoto akipata homa, mrudishe. Na njia ya kuzuia ni rahisi: asile mpaka ganzi iishe, na asitoke machoni pako.

Usimpe mtoto aspirini, na usiiweke kwenye ufizi. Huunguza.

Nyanya naye asisahauliwe

Pengine unamlea mama yako au mkwe wako. Mtu akipoteza meno ya chini, mfupa wa taya huliwa polepole kwa juu. Miaka ikipita, tundu la kidevu ambalo lilikuwa katikati ya taya hujikuta juu, chini tu ya ufizi. Akivaa meno ya bandia, yanaukandamiza ule mshipa. Nyanya atalalamika kwamba akitafuna anasikia kama umeme, au mdomo unakufa ganzi. Usimwambie ni uzee. Mpeleke pamoja na meno yake ya bandia, daktari ayachonge pale yanapokandamiza.

Wakati wa kukimbia hospitali

Mpenzi msikilizaji, tumesema si kila doa ni ugonjwa. Lakini haina maana kwamba kila doa ni salama. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona uvimbe wa uso au shingo pamoja na homa, mtoto akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri.

Pia mpeleke bila kuchelewa mtoto ambaye taya lake linavimba haraka, siku hadi siku, na meno yanalegea, hata kama hana maumivu makali. Kuna saratani ya watoto inayopenda taya. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na ndiyo inayoitwa kwa jina lake. Huonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, kama zetu za Afrika Mashariki. Ikigunduliwa mapema hutibika kwa dawa. Ikichukuliwa kuwa ni jino bovu, mtoto hung'olewa meno huku siku zinapotea.

Na mtu, mkubwa au mdogo, akiamka kidevu au mdomo wa chini umekufa ganzi bila ya kuchomwa sindano wala kuanguka, hiyo ni dalili ya kuchunguzwa. Kwa mwenye selimundu inaweza kutokea wakati maumivu yake yamepanda. Kwa wengine huashiria ugonjwa ndani ya mfupa.

Kuhusu picha yenyewe

Huna haja ya kuiogopa eksrei ya meno pale inapohitajika. Lakini kama una mimba, au unadhani unayo, mwambie mpiga picha kabla hujaingia kumshika mtoto. Mtu mwingine amshike.

Na usiitupe picha. Iweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki, pasipo na joto wala maji. Ikiwa ni ya kompyuta, omba nakala. Ukienda hospitali nyingine, iwe Port Reitz au ile kuu ya Makadara, ichukue. Daktari akiona kwamba doa la leo ni lile lile la miaka miwili iliyopita, halikukua wala kubadilika, atajua ni maumbile. Bahasha hiyo inaweza kuliokoa jino.

Tukumbuke

1. Tundu la kidevu ni la kawaida. Karibu kila mtu analo kila upande, na mahali pake hutofautiana.
2. Doa jeusi peke yake si sababu ya kung'oa jino. Jino lichunguzwe kwanza.
3. Uliza: ni jipu, ni tundu la mshipa, au ni mfuko wa jino linalokuja?
4. Mtoto akisema ganzi haijashika, aaminiwe.
5. Mchunge mtoto asijing'ate baada ya sindano.
6. Uvimbe unaokua haraka, homa, au ganzi isiyo na sababu: usingoje.
7. Tunza picha za zamani.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Je, kuna mmoja wetu aliyewahi kung'olewa jino bila kuelezwa sababu? Tungeuliza nini siku hiyo? Na picha za watoto wetu ziko wapi sasa?

Haya basi, kina mama, tumefika mwisho. Mwambie na jirani yako ambaye hakutusikia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kuuliza si ujinga. Tukutane tena kipindi kijacho. Kwaherini, na mlee kwa afya.